Hakuna Risasi Baridi

Kiswahili kimezigawa risasi mafungu mawili. Kuna risasi za moto, ambazo polisi wakizitumia kwenye maandamano, kesho yake habari hutoka ukurasa wa kwanza. Halafu kuna risasi baridi: ganda lipo, baruti ipo, mlio upo, ila kichwa cha risasi, kile kipande cha madini kinachoruka kwenda kumpata mtu, hakipo. Risasi baridi hupigwa kutishia watu watawanyike, hupigwa makaburini kumuaga askari, na hupigwa kwenye sinema ili mwigizaji aanguke, kisha ainuke, ajipanguse vumbi, aende kula. Neno lenyewe linatuliza moyo. Nani aliwahi kuunguzwa na kitu baridi?

Nina kisa cha bastola iliyopewa umaarufu na sinema, kisha ikawageukia watu wa sinema wenyewe. Wawili kati ya waliokufa walikuwa vijana ambao hawajafika miaka thelathini. Hakuna aliyewachukia, hakuna aliyewafanyia njama. Kila aliyekuwapo alijua kwa uhakika kwamba bastola ile haiwezi kumdhuru mtu. Uhakika huo ndio uliowaua, na ndiyo sababu ya kukisimulia kisa hiki huku kwetu, ambako wengi wetu bastola tumeiona kiunoni mwa askari na kwenye runinga tu.

Tuanze na mzee mmoja wa kofia pana. Elmer Keith alikuwa mchunga ng'ombe na mwindaji wa majimbo ya magharibi ya Marekani, mtu wa sigara kubwa na maneno makali, aliyeandikia magazeti ya bunduki kwa miongo mingi. Tarehe 4 Julai 1925, Wamarekani wakisherehekea uhuru wao, naye alichukua bastola yake ya .45 akafyatua kwa furaha kama wengine. Baruti aliyoishindilia mwenyewe ilizidi kiasi. Bastola ikapasukia mkononi mwake, sehemu ya juu ya gurudumu la risasi ikaruka. Keith alisalimika. Mwingine angeshukuru Mungu akaacha. Yeye alihamia kwenye bastola za .44, ambazo kuta za gurudumu lake ni nene zaidi, akaendelea kushindilia.

Miaka thelathini alizisumbua kampuni zitengeneze kiwandani kile alichokuwa akikitengeneza nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1955 akasikilizwa. Watengenezaji wa risasi wa Remington walitoa risasi mpya, na Smith & Wesson wa Springfield, Massachusetts, wakatoa bastola ya kuipigia. Risasi ikaitwa .44 Magnum, na mwaka 1957 bastola ikapewa namba iliyobaki nayo hadi leo: Model 29.

Hiyo ni rivolva. Haina kasha la risasi ndani ya mpini kama bastola nyingi tunazoziona kwa polisi siku hizi. Ina gurudumu la chuma lenye matundu sita, na kila ukivuta kifyatulio gurudumu huzunguka, likaleta tundu jingine mbele ya nyundo. Ile yenye mtutu wa inchi sita na nusu, ikishapakiwa risasi zote, hukaribia kilo moja na nusu, uzito wa kuku wa kienyeji aliyenona. Kichwa cha risasi yake ya kawaida ni gramu 15 na nusu hivi, nacho hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 400 kwa sekunde, kuipita sauti. Anayeipiga kwa mara ya kwanza huona mikono yake ikirushwa juu, na asiyeikamata sawasawa huweza kupigwa usoni na silaha yake mwenyewe.

Lipo jambo dogo ambalo waliobuni risasi hiyo walilifanya, nami naomba msomaji alishike kwa sababu tutalirudia. Kulikuwa na maelfu ya bastola za zamani za .44 mitaani, za chuma kisichoweza kuhimili nguvu hii mpya. Wangeweza kuandika onyo kwenye boksi. Badala yake wakaongeza urefu wa ganda kwa milimita tatu hivi, ili risasi mpya isiingie kabisa kwenye bastola ya zamani. Hawakuiamini kumbukumbu ya mtu, wala macho ya mtu, wala ahadi ya mtu kwamba atakuwa mwangalifu. Walikiachia chuma kazi ya kukataa.

Kwa miaka kumi na mitano Model 29 ilikuwa silaha ya wawindaji na wapenda shabaha, watu ambao ungewakuta porini kuliko mjini. Desemba 1971 ikatoka filamu ya Dirty Harry, iliyoongozwa na Don Siegel, Clint Eastwood akiwa Harry Callahan, mpelelezi wa polisi wa San Francisco asiyependa kuagizwa.

Hata ambaye hajaiona filamu hiyo amewahi kuona mtu akiigiza kipande chake kimoja. Harry ameingia mgahawani kula soseji. Anaona gari limesimama mbele ya benki, injini inaunguruma, dereva hatoki. King'ora kinalia. Anatoka nje mdomo ukiwa bado na chakula, anachomoa lile libastola, na kwa dakika chache mtaa unageuka uwanja wa vita: gari linapinduka, bomba la zimamoto linapasuka, maji yanaruka juu kama chemchemi. Mwishowe anamsimamia jambazi aliyejeruhiwa, ambaye bunduki yake imelala karibu na mkono. Harry anamuuliza swali lililozunguka dunia nzima: katika vurugu hii yote, nimepiga risasi sita au tano tu? Unajiona una bahati?

Jambazi anauondoa mkono. Lakini roho inamuuma, anataka kujua. Harry anamwelekezea mtutu, anavuta kifyatulio, na kinachosikika ni mlio mkavu wa chuma juu ya chuma. Tundu tupu. Harry anatabasamu na kwenda zake, na ukumbi wote wa sinema unacheka na kushusha pumzi.

Baada ya hapo madukani hapakushikika. Watu ambao hawajawahi kuwinda hata sungura walitaka bastola ya Harry. Zikaadimika, zikauzwa kwa bei ya juu kuliko ya kiwanda. Filamu nyingine nne za mpelelezi huyo zikafuata hadi mwaka 1988. Bastola ya mwindaji ikawa bastola ya kila mtu anayetaka kuonekana jasiri.

Lakini filamu hiyo ina mwisho, na mwisho huo wengi hawakuubeba. Harry amemfikia muuaji aliyekuwa akimsaka tangu mwanzo. Bunduki imelala karibu, swali ni lilelile, maneno ni yaleyale. Safari hii muuaji anacheka, anaichukua bunduki. Na safari hii tundu halikuwa tupu.

Swali moja, majibu mawili, na kwa macho huwezi kujua lipi linakuja. Ukumbi ulitoka na jibu la kwanza, lile la kuchekesha.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe. Jon-Erik Hexum alikuwa kijana wa New Jersey, mwana wa wazazi wenye asili ya Norway, mrefu, mwenye sura ya kuwekwa kwenye bango. Mwaka 1984 alipata nafasi ambayo waigizaji wengi huisubiri hadi wakazeeka: mhusika mkuu katika tamthilia mpya ya runinga ya CBS iliyoitwa Cover Up. Tarehe 12 Oktoba mwaka huo walikuwa kwenye studio za 20th Century Fox, Los Angeles, wakipiga sehemu ya saba. Onyesho la siku ile lilimtaka Hexum apakie risasi kwenye bastola ya .44 Magnum, kwa hiyo alikabidhiwa bastola ya kweli na risasi baridi.

Mwongozaji hakuridhika na onyesho. Kazi ikasimama. Aliyewahi kushiriki upigaji picha za filamu anakujua kusubiri kule: taa zinahamishwa, kamera inasogezwa, watu wanaitana, na mwigizaji amekaa na mavazi yake, hana la kufanya. Hexum akachoka. Akataka kuwachekesha wenzake. Akazitoa risasi zote isipokuwa moja, akalizungusha gurudumu, akauweka mtutu kwenye panja la kulia, akavuta kifyatulio. Ni mchezo ule wanaosingiziwa Warusi, wa kuibahatisha roho kwa tundu moja kati ya sita. Ila kwake haukuwa hata kamari, maana alijua risasi yenyewe ni baridi. Hata ikitokea ndiyo iliyo zamu, italia tu, watu washtuke, wacheke, kazi iendelee.

Hapa inafaa tusogee karibu tuione hiyo risasi baridi ilivyo. Ganda lake limejazwa baruti, na ili baruti isimwagike mdomo wake huzibwa kwa kizibo cha karatasi au plastiki. Nyundo ikigonga, baruti inawaka kwa mpigo mmoja, na gesi ya moto inatafuta njia. Njia ni moja tu, mtutu. Mtu akisimama mbali, gesi hiyo husambaa hewani na kizibo huishiwa nguvu kabla ya kumfikia. Lakini mtutu ukigusa ngozi, hakuna hewa ya kusambaa. Nguvu yote iliyokusudiwa kukirusha kichwa cha risasi inakwenda mahali pamoja penye upana wa kidole.

Fuvu la Hexum lilipigwa kwa nguvu hiyo. Kipande cha mfupa, kadiri ya sarafu, kilivunjika kikasukumwa ndani ya ubongo. Madaktari walimfanyia upasuaji wa saa tano. Tarehe 18 Oktoba, siku sita baada ya mzaha ule, ilitangazwa kwamba ubongo wake umekufa. Alikuwa na miaka 26.

Mama yake aliridhia viungo vyake viwafae wengine. Mwili wake, ukipumulishwa na mashine, ulisafirishwa kwa ndege hadi San Francisco, mji uleule ambamo Harry Callahan aliuliza swali lake. Huko moyo wake ukapandikizwa kifuani mwa mtu wa Las Vegas mwenye miaka 36. Figo moja ilikwenda kwa mtoto wa miaka mitano aliyekuwa hoi, nyingine kwa bibi mwenye wajukuu aliyekuwa ameisubiri miaka minane. Ni jambo la kumshukuru mama yule. Lakini hakuna mama anayemlea mwanawe miaka 26 ili aje kugawiwa kwa sababu ya kuchoka kusubiri. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, nao walikuwa hawajaiona .44 Magnum.

Utadhani Hollywood nzima ilishika adabu siku ile. Haikupita hata miaka tisa.

Jina la Lee halihitaji kutambulishwa huku kwetu. Kizazi kilichokaa kwenye mabenchi ya mabanda ya video kinamjua Bruce Lee kuliko kinavyowajua mawaziri wengi, na vijana wengi walijipiga kisogo kwa nunchaku za kujiundia kwa mbao na mnyororo wa mbwa. Bruce alifariki mwaka 1973 akiwa na miaka 32. Mwanawe, Brandon, alifuata nyayo za baba kwenye sinema, na mwaka 1993 alikuwa mjini Wilmington, Carolina Kaskazini, akiigiza filamu ya The Crow, ambayo wengi walitabiri itamtoa kwenye kivuli cha baba yake. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kazi iishe. Na zilikuwa zimebaki wiki mbili na ushee afunge ndoa.

Bastola iliyotumika ilikuwa Smith & Wesson Model 629. Hiyo ni Model 29 ileile ya Harry, ila imetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu.

Ili tuelewe kilichotokea, inabidi tutofautishe risasi baridi na risasi bandia. Risasi baridi, kama tulivyoona, ina baruti na haina kichwa. Risasi bandia ni kinyume chake: ina kichwa, haina baruti. Hutumika kamera inapotazama bastola kwa mbele na kwa karibu, maana rivolva haifichi kitu. Matundu yakiwa matupu mtazamaji ataona. Kwa hiyo waongozaji hutaka vichwa vya risasi vionekane, lakini visiwe na nguvu ya kuruka.

Kwenye The Crow hawakuwa na risasi bandia zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Wakajitengenezea. Walichukua risasi za moto, wakang'oa vichwa, wakamwaga baruti, wakavirudisha vichwa mahali pake. Haraka haraka haina baraka: walisahau fataki. Kitakoni mwa kila ganda kuna fataki ndogo ambayo ikigongwa na nyundo hutoa cheche ya kuwasha baruti. Fataki peke yake haina nguvu ya kumuua mtu kwa mbali. Ina nguvu ya kutosha kukisukuma kichwa cha risasi kitoke kwenye ganda, kiingie kwenye mtutu, kikwame humo.

Ndivyo ilivyokuwa. Wakati fulani mtu alivuta kifyatulio, risasi mojawapo ya bandia ikiwa mbele ya nyundo. Fataki ikalia kidogo, kichwa kikaingia mtutuni kikanasa. Hakuna aliyeona. Bastola ikawekwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 1993 bastola hiyohiyo ilitolewa kwa onyesho jingine, safari hii ikipakiwa risasi baridi. Mtunza silaha hakuwapo. Alikuwa ameruhusiwa kuondoka mapema. Hakuna aliyeifungua bastola akaumulika mtutu kuona kama upo wazi. Brandon akaingia mlangoni amebeba mfuko wa vyakula, kama hadithi ilivyotaka. Mwenzake, umbali wa hatua chache, akafyatua.

Tazama sasa hesabu ilivyokaa. Risasi bandia iliacha kichwa chake mtutuni. Risasi baridi ikaleta baruti yake nyuma. Nusu ya risasi ilitoka siku ile, nusu nyingine ilitoka siku hii, na ndani ya mtutu wa .44 nusu mbili zikawa risasi nzima ya moto. Kila nusu peke yake ilikuwa imeitwa salama.

Brandon alianguka. Kwa muda mfupi waliokuwapo walidhani anaigiza vizuri. Hakuinuka. Risasi ilikuwa imeingia tumboni ikaenda kukaa karibu na uti wa mgongo. Alipasuliwa kwa saa nyingi, akafariki mchana wa siku hiyo, miaka 28. Alizikwa Seattle, kando ya baba yake. Mwigizaji aliyefyatua, ambaye alifanya tu alichoelekezwa, alikaa mwaka mzima bila kugusa kazi. Mwendesha mashtaka wa eneo lile aliona uzembe, lakini hakumfungulia mtu kesi ya jinai.

Maneno yakazagaa, na yamefika hadi kwetu. Ikasemwa ni laana ya ukoo wa Lee. Ikakumbushwa kwamba katika filamu ya Game of Death, iliyotolewa baada ya Bruce kufa, mhusika wake hupigwa risasi ya kweli akiwa kazini kwenye upigaji picha. Ikasemwa magenge ya wahalifu wa Uchina yalilipa kisasi. Sisi nasi tuna msemo wetu wa hali kama hizi: si bure, kuna mkono wa mtu.

Kweli, mkono wa mtu ulikuwapo. Ulikuwapo mkono ulioacha fataki kwenye ganda. Ulikuwapo mkono uliovuta kifyatulio siku ile ambayo hakuna aliyeikumbuka. Ulikuwapo mkono uliopakia risasi baridi bila kuutazama mtutu. Hakuna hata mmoja uliokusudia mabaya. Tunaposingizia laana, mikono hiyo inabaki bila kufundishwa, na kesho inafanya yaleyale.

Na kesho ilifika. Tarehe 21 Oktoba 2021, kwenye shamba la Bonanza Creek jimboni New Mexico, watu walikuwa wakitengeneza filamu ya Rust. Safari hii haikuwa .44 bali nakala ya rivolva ya kale ya .45. Msaidizi wa mwongozaji alitangaza kwa sauti kwamba bastola ni "baridi". Ndiyo, Wamarekani nao katika kazi hiyo hutumia neno lilelile la kwetu. Bastola ikafyatuka mkononi mwa mwigizaji Alec Baldwin. Ndani yake mlikuwa na risasi ya moto, iliyochanganyika na za bandia. Mpiga picha mkuu wa filamu hiyo, Halyna Hutchins, mama wa mtoto mmoja, alifariki akiwa na miaka 42. Mwongozaji alijeruhiwa begani kwa risasi hiyohiyo.

Mwaka 2024 msichana aliyekuwa mtunza silaha alihukumiwa miezi 18 jela kwa kuua bila kukusudia. Kesi ya Baldwin ilifutwa mwaka huohuo kwa kasoro za upande wa mashtaka. Jambo linalouma ni kwamba risasi bandia za kitaalamu hutengenezwa zijulikane: nyingine hutobolewa tundu ubavuni, nyingine hutiwa gololi ndani, na ukiitikisa sikioni inalia kama kayamba. Kuitikisa risasi moja kunachukua sekunde mbili. Kwa risasi sita ni sekunde kumi na mbili.

Baada ya msiba huo baadhi ya wakubwa wa sinema waliamua kuacha kubishana na bahati. Dwayne Johnson, ambaye mitaani kwetu hajulikani kwa jina jingine ila The Rock, alisema kampuni yake itatumia bunduki za mpira, na moto wa mtutuni utachorwa baadaye kwa kompyuta. Huo ni uamuzi wa ukoo mmoja na ule wa kuongeza milimita tatu kwenye ganda mwaka 1955: usimtegemee mtu akumbuke, weka kitu ambacho hata akisahau hakitaua.

Funzo liko wapi kwetu? Lipo kwa watu wa aina tatu.

La kwanza ni kwa wanaotengeneza filamu, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala. Bajeti ni ndogo, muda ni mfupi, na kila mtu anataka tukio la mapigano lifanane na la Hollywood. Basi lifanane kwenye picha, si kwenye msiba. Bunduki ya mbao iliyopakwa rangi vizuri, na mlio uliopachikwa studio, havijawahi kumzika mtu. Pakitakiwa silaha ya kweli, awepo mtu mmoja anayeijua, asiyekuwa na kazi nyingine siku hiyo, na asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya silaha yenyewe kwenda nyumbani.

La pili ni kwa wanaobeba silaha kwa riziki: askari, mgambo, walinzi wa mabenki na maduka. Kazi yao inafanana na siku ya Hexum, yaani kusubiri kwingi na tukio dogo. Uchovu wa kusubiri ndio saa ya mchezo, na mchezo hukatazwa kabla haujaanza. Mtutu uelekee mahali ambapo ukilia hautamkuta mtu. Kidole kikae nje ya kifyatulio. Na unapokabidhiwa silaha na mwenzako wa zamu, hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja, ifungue uitazame, kisha na yeye aone umeitazama. Hapo humtilii shaka. Unamkinga asije akakuua bila kutaka.

La tatu ni kwa wazazi. Watoto wetu wataendelea kuelekezeana vijiti na vidole wakisema "nimekuua", kama tulivyofanya sisi, na si kila mchezo ni ugonjwa. Lakini waambieni tofauti mapema. Mtoto ajue kwamba kile kinachoonekana kwenye runinga kimepangwa na watu mia, na kwamba hata hao watu mia, wakilipwa fedha nyingi, wamekosea wakazika. Ajue kwamba akikiona kitu hicho kabatini, shambani au mkononi mwa rafiki, asikishike, aondoke, amwite mtu mzima. Asije akajaribu kujua kama kina kitu.

Harry Callahan aliuliza kama amepiga risasi sita au tano, na dunia ikalipenda swali hilo kwa nusu karne. Kumbe ni swali la kipuuzi, kwa sababu linamtaka mtu akumbuke pale ambapo angeweza kutazama. Hexum alijua kilichomo. Waliokuwa Wilmington walijua. Aliyetangaza kule New Mexico kwamba bastola ni baridi naye alijua.

Siku mtu atakapokuonyesha bastola, akakuambia usiogope, haina kitu, usibishane naye wala usimcheke. Sogea kando ya mtutu, kisha umwambie kwa adabu: ifungue nione.